Guy de Maupassant na Jina la Hadithi: Funzo kwa Mwalimu wa Ufahamu

Miongoni mwa maswali ya ufahamu yanayotolewa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, lipo moja linaloonekana jepesi kuliko yote, nalo aghalabu huwekwa mwisho: mwanafunzi apendekeze kichwa kingine kinachoifaa hadithi aliyoisoma. Walimu wengi hulipa swali hili alama moja, hulisahihisha kwa haraka, na huwa wamekwisha kuliandalia jibu moja tu. Mtoto aliyeandika jibu jingine huandikiwa kosa, wala haulizwi alikuwa na maana gani. Hivyo ndivyo mtoto aliyeielewa hadithi barabara anavyoweza kujifunza kwamba hakuielewa, na asithubutu tena kufikiri peke yake.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali hili ni zito, na kwamba linastahili kufundishwa kabla ya kutahiniwa. Tutafanya hivyo kwa kuyafuata maisha ya mwandishi mmoja, Mfaransa Guy de Maupassant, aliyezipa majina hadithi fupi zipatazo mia tatu. Tumemchagua kwa sababu katika maisha yake na katika kazi zake tunayakuta mambo yote yanayohusu jina la hadithi: jina lililokataliwa, jina lililobadilishwa na mwandishi mwenyewe, na jina lililogeuzwa na wafasiri.

Utoto wake

Maupassant alizaliwa tarehe 5 Agosti 1850 katika jimbo la Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, si mbali na bandari ya Dieppe. Mama yake, Laure Le Poittevin, alikuwa mwanamke msomi aliyependa sana vitabu. Baba yake, Gustave, hakuelewana na mkewe, na wazazi hao walitengana Guy akiwa bado mtoto. Yeye na mdogo wake Hervé, aliyezaliwa mwaka 1856, walilelewa na mama yao huko Étretat, kijiji cha wavuvi kilichoko pwani.

Malezi hayo yalikuwa shule yake ya kwanza. Alicheza na watoto wa wavuvi, akaenda baharini pamoja nao, akasikiliza wakulima wa Normandy wakipatana bei za ng'ombe na kuku siku za gulio. Lugha yao, ubahili wao, hila zao na huzuni zao ndizo zilizomjalia baadaye malighafi ya hadithi zake. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa mwalimu huweza kusahau kwamba mtoto huingia darasani akiwa amekwisha kuona mengi.

Alipotimu umri wa miaka kumi na mitatu alipelekwa seminari ya Yvetot. Hakuyapenda maisha ya huko, na mwaka 1868 alifukuzwa. Akaendelea na masomo katika shule ya sekondari ya mji wa Rouen, na huko akabahatika kupata mshauri, mshairi Louis Bouilhet, aliyemzoeza kusahihisha maandishi yake. Bouilhet alifariki mwaka 1869. Mwaka huo huo kijana alikwenda Paris kusomea sheria, lakini mwaka 1870 vita vikazuka kati ya Ufaransa na Prussia. Aliingia jeshini akiwa na umri wa miaka ishirini, akashuhudia jeshi la nchi yake likirudi nyuma katika jimbo lake mwenyewe.

Karani na mwalimu wake

Baada ya vita fedha hazikutosha kuendelea na masomo. Mwaka 1872 alianza kazi ya ukarani katika Wizara ya Majeshi ya Majini mjini Paris, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1870 akahamia Wizara ya Elimu. Kazi hiyo aliichukia. Siku za mapumziko alipiga makasia katika mto Seine, na usiku aliandika.

Katika miaka hiyo mwalimu wake alikuwa Gustave Flaubert, mwandishi mashuhuri wa riwaya, aliyekuwa rafiki wa utotoni wa mama yake na wa mjomba wake Alfred. Flaubert alimsomea kazi zake, akazirudisha zikiwa zimesahihishwa, na hakumruhusu kuharakisha kuzichapisha. Hadithi yake ya kwanza kuchapishwa, iliyotoka mwaka 1875, haikubeba hata jina lake halisi, bali jina la kupanga la Joseph Prunier.

Mafunzo ya Flaubert tunayajua kwa sababu mwanafunzi wake aliyaeleza katika insha aliyoitanguliza katika riwaya yake "Pierre et Jean" ya mwaka 1888. Kwa muhtasari, alimtaka akitazame kila kitu kwa muda mrefu mpaka aone ndani yake jambo ambalo bado halijaonwa na mtu mwingine. Akimweleza muuza duka aliyeketi mlangoni pake, amweleze kwa namna ambayo msomaji hatamchanganya na muuza duka mwingine yeyote. Alimfundisha pia kwamba kwa kila kitu lipo neno moja tu linalokifaa, na kwamba mwandishi asiridhike na neno jirani kwa sababu tu la kwanza limekuwa gumu kupatikana.

Hapa mwalimu mtarajiwa anaweza kutupinga. Ikiwa neno linalofaa ni moja tu, je, jina la hadithi nalo si moja tu? Na je, mwalimu mwenye jibu moja katika daftari lake hafuati nyayo za Flaubert? Tunajibu kwamba sivyo. Flaubert hakumpa mwanafunzi wake neno. Alimpa kazi ya kulitafuta. Tena alimtaka aone kile ambacho wengine hawajakiona, na mtu hawezi kukiona kwa macho ya mwingine. Watoto wawili wakiitazama hadithi moja kutoka pande mbili, kila mmoja atakuwa na neno moja linalofaa kwa upande wake. Linalokatazwa ni neno lililookotwa bila kutafutwa.

Jina lililokataliwa

Mwaka 1880 waandishi sita walichapisha pamoja kitabu cha hadithi zinazohusu vita vya 1870. Mkubwa wao alikuwa Émile Zola, na Maupassant alikuwa mmoja wa wale vijana watano waliomzunguka. Jina lililofikiriwa kwanza lilikuwa na maana ya uvamizi wa kuchekesha. Liliachwa, kwani kwa taifa lililoshindwa miaka kumi tu kabla, jina hilo lingeonekana kuwadhihaki wazalendo na wafu. Kitabu kikaitwa "Les Soirées de Médan", yaani Jioni za Médan, kwa heshima ya kijiji ambako Zola alikuwa na nyumba. Jina la kwanza lilikuwa limekwisha kutoa hukumu. La pili lilimwachia msomaji ahukumu mwenyewe.

Hadithi ya Maupassant katika kitabu hicho, "Boule de Suif", ndiyo iliyomfanya ajulikane. Ni habari za wasafiri kumi waliomo katika gari la farasi, wakiukimbia mji uliotekwa. Miongoni mwao yumo kahaba mmoja mnene, ambaye watu wamemtungia jina la utani lenye maana ya donge la shahamu. Siku ya kwanza yeye peke yake ndiye aliyefungasha chakula, naye anawagawia wote. Njiani ofisa wa Prussia anawazuia mpaka mwanamke huyo amkubali. Yeye anakataa kwa uzalendo; wenzake waheshimiwa wanamshawishi kwa maneno matamu mpaka anakubali kwa ajili yao. Safari inapoendelea, kila mmoja anafungua chakula chake, na hakuna anayempa hata kipande.

Jina la hadithi hiyo ni tusi waliloliweka watu, na msomaji anapofika mwisho hujiuliza ni nani hasa aliyestahili kutukanwa. Mwanafunzi akipendekeza "Kikapu cha Chakula", ingefaa tumsikilize kwa makini. Kikapu kiko mwanzo wa hadithi, na kukosekana kwake kuko mwisho. Humo mna wema na utovu wa shukrani kwa pamoja. Lakini mwingine akipendekeza "Safari ya Gari la Farasi", ametaja chombo kilichowabeba watu, wala hakugusa kilichowapata.

Flaubert aliiona hadithi hiyo na kuisifu, kisha akafariki tarehe 8 Mei 1880, majuma machache baada ya kitabu kutoka. Mwanafunzi wake akauacha ukarani. Katika miaka kumi hivi iliyofuata aliandika karibu kazi zake zote: hadithi mia tatu hivi, riwaya sita na vitabu vitatu vya safari. Nyingi za hadithi hizo zilitoka kwanza katika magazeti ya Paris.

Mapambo

Tarehe 17 Februari 1884 gazeti la "Le Gaulois" lilichapisha hadithi yake iliyosomwa kuliko zote, "La Parure". Mathilde Loisel ni mke mzuri wa karani wa Wizara ya Elimu, ile ile ambayo mwandishi alikuwa ameitumikia. Anaona amezaliwa kwa ajili ya anasa, na umaskini wake unamtesa. Mumewe anapata mwaliko wa dhifa nyumbani kwa Waziri. Anatoa faranga 400, alizokuwa ameweka akiba ya kununua bunduki ya kuwindia, ili mkewe ashone gauni. Kwa kuwa hana vito, mke anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake tajiri, Bibi Forestier. Usiku ule anang'aa kuliko wanawake wote; lakini wanaporudi nyumbani, mkufu haupo shingoni.

Hawathubutu kusema kweli. Wananunua mwingine unaofanana nao kwa faranga 36,000. Mume anatoa faranga 18,000 alizorithi kwa baba yake, nyingine anakopa kila mahali. Kwa miaka kumi wanafanya kazi za sulubu kulipa madeni. Mke anafua, anapiga deki, anabeba maji, na uzuri wake unakwisha. Hatimaye anakutana na Bibi Forestier, naye hamtambui. Anamweleza yote. Ndipo rafiki yake anapomfahamisha kwamba mkufu ule ulikuwa wa bandia, thamani yake haikuzidi faranga 500.

Neno la Kifaransa lililotumiwa kuwa jina ni pana. Maana yake ni pambo, au mapambo avaayo mtu kwa pamoja. Wafasiri wa Kiingereza walipendelea kuiita hadithi hii kwa jina la mkufu peke yake. Kwa kufanya hivyo walikitaja kitu wazi zaidi, lakini walipoteza gauni, uzuri na sura ya nje ambayo Mathilde aliithamini kuliko hali yake halisi. Hata wafasiri, basi, huchagua jina jingine, na kila uchaguzi hupata hiki na kupoteza kile.

Sasa tuyapime majina ambayo watoto wetu wangeweza kuyapendekeza. Wengi wao hupenda methali. "Tamaa Mbele Mauti Nyuma" itatolewa bila shaka. Lakini katika hadithi hii hakuna aliyekufa, na jina hilo linaweza kubandikwa juu ya hadithi mia moja bila kusomwa hata moja. "Mkufu wa Bandia" ni kweli tupu, ila linaua hadithi, kwani siri iliyofichwa mpaka mstari wa mwisho limeitangaza mlangoni. "Bibi Loisel" halina kosa, lakini halina ugunduzi. "Mkufu wa Kuazima" ni zuri: linakumbusha methali yetu ya nguo ya kuazima, linasimama tangu mwanzo hadi mwisho, na siri linaitunza. "Miaka Kumi" ni zuri pia, maana linamvuta msomaji kutoka kwenye usiku mmoja wa dhifa na kumwonyesha gharama yake.

Je, mtoto akiandika "Ukweli Uliochelewa"? Huyu ameona ambalo wengi hawalioni. Wenzake wanailaumu tamaa ya Mathilde. Yeye anasema kwamba kama Mathilde angekiri upotevu siku ile ya kwanza, au kama Bibi Forestier angesema mapema kwamba mkufu wake ni wa bandia, miaka kumi isingepotea. Jina lake ni tafsiri ya hadithi nzima. Mwalimu anayemwandikia kosa kwa sababu daftari lake linasema "Adhabu ya Tamaa" amemwadhibu msomaji bora kuliko yeye.

Tuongeze hadithi mbili. Mwaka 1883 Maupassant alitoa "Les Bijoux", yaani Vito. Karani mmoja ana mke apendaye vito vya bandia. Mke anafariki, na mume anapokwenda kuviuza kwa sababu ya shida anaambiwa ni vya thamani kubwa. Papo hapo anagundua kwamba mkewe alipewa na wanaume wengine. Baadhi ya wafasiri wa Kiingereza waliipa jina lenye maana ya vito vya bandia. Jina hilo lasema uongo, lakini ni uongo ule ule alioamini mume, hivyo msomaji hudanganyika pamoja naye. Mwandishi alisema vito tu, akanyamaza. Mwaka huo huo alitoa "La Ficelle", habari ya mkulima aliyeokota kipande cha kamba gulioni akasingiziwa kuokota pochi, na asiaminiwe mpaka kufa kwake. Kwa Kifaransa neno hilo la kamba lina maana ya hila pia. Mfasiri akisema Kamba, maana ya pili imekatika.

Tunaona desturi yake: alichagua kitu kidogo kinachoshikika, kamba, mwavuli, kipipa, mapambo, akakiacha kibebe uzito wa maisha ya watu.

Jina alilolibadilisha mwenyewe

Mwaka 1885 alichapisha "Lettre d'un fou", Barua ya Kichaa, ambamo mtu anamweleza daktari kwamba kuna kiumbe asiyeonekana aliye karibu naye. Wazo hilo hakuliacha. Mwaka 1886 aliliandika upya kwa jina la "Le Horla", na mwaka 1887 akalipanua na kuligeuza kuwa shajara. Jina la kwanza lilimwambia msomaji kwamba msemaji ni kichaa, na shauri likaisha hapo. Horla ni neno alilolibuni, halimo katika kamusi. Msomaji anaingia bila kujua kama atakutana na maradhi au na kiumbe wa kweli, na shaka hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Mwandishi bingwa, basi, alikuwa tayari kuliacha jina lake la kwanza.

Mwisho wake

Kwa nje mambo yalimnyookea. Alijenga nyumba Étretat, akanunua mashua ya kifahari aliyoiita "Bel-Ami" kwa jina la riwaya yake ya mwaka 1885. Lakini tangu ujana alikuwa na ugonjwa wa kaswende, ambao siku hizo haukuwa na tiba. Macho yakamsumbua, kichwa kikamuuma, na akili ikaanza kuyumba. Mdogo wake Hervé alifariki mwaka 1889 akiwa amerukwa na akili. Mwanzoni mwa Januari 1892, huko Cannes, Maupassant alijaribu kujiua. Alipelekwa katika hospitali ya Daktari Blanche mjini Paris, na huko akafariki tarehe 6 Julai 1893, kabla ya kutimiza miaka 43. Alizikwa katika makaburi ya Montparnasse, na Zola akatoa hotuba ya mazishi. Mama yake aliishi miaka kumi zaidi.

Watu wengine, wakiujua mwisho huo, wamemsoma "Le Horla" kama taarifa ya mgonjwa. Tunaona hilo ni kosa. Mtu aliyeiandika kazi moja mara tatu, akachagua jina kwa uangalifu namna hiyo, alikuwa fundi aliyekuwa akiitawala kazi yake.

Darasani

Kutokana na maisha haya tunapendekeza hatua zifuatazo katika andalio la somo.

Kwanza, mwalimu aisome au aisimulie hadithi bila kuitaja jina. Hadithi ya "La Parure" yafaa kusimuliwa kwa Kiswahili chepesi katika darasa la sita au la saba.

Pili, kila mwanafunzi aandike jina alilochagua, na chini yake sababu, akitaja tukio katika hadithi linalomuunga mkono. Ikiwa alama ni tatu, jina lipate moja na sababu mbili.

Tatu, majina matano au sita yaandikwe ubaoni na kupimwa na darasa zima kwa maswali matatu. Je, jina linaihusu hadithi nzima au kipande chake? Je, linaitunza siri au linaifichua? Je, ni la hadithi hii, au lingeweza kuvikwa hadithi yoyote?

Nne, mwalimu alitaje jina la mwandishi mwishoni kabisa, nalo lipimwe kwa maswali yale yale. Isiwe kwamba jina hilo ndilo sahihi na mengine yote yametupwa.

Tunajua kwamba madarasa yetu yana watoto wengi na vipindi ni vifupi. Penye watoto wengi, kazi ya hatua ya pili ifanywe kwa vikundi, kila kikundi kikikubaliana juu ya jina moja. Ubishi utakaozuka ndani ya kikundi ni ufahamu tosha. Penye upungufu wa vitabu hakuna kizuizi, kwa kuwa hadithi hutolewa kwa mdomo.

Mwanachuo anayekwenda katika mazoezi ya kufundisha huogopa kukutana na jibu asilolitarajia. Asiliogope. Flaubert alimlea mwanafunzi wake kwa kumtaka aone kisichoonwa na wengine. Mtoto akileta jina ambalo halimo katika daftari la mwalimu, aulizwe kwanza ameliona wapi katika hadithi. Kalamu nyekundu isubiri jibu lake.